Kusawazisha throtobodi za BMW R1150GS nyumbani kwa kifaa cha elektroniki: namba zangu hazitulii

Mwalimu wa Kisian, Jumapili saa 3 usiku:

Hamjambo nyote. Naomba msaada, na mnivumilie nikieleza kirefu, kwa sababu nimeona humu swali fupi likiletewa majibu ya kukisia.

Nina BMW R1150GS ya 2002, nimeinunua mwaka jana ikiwa imetumika. Kwa ambao hawaijui, injini yake ina silinda mbili zilizolala, moja upande wa mguu wa kushoto na nyingine wa kulia. Kila silinda ina throtobodi yake, yaani koo lake la kuvutia hewa, na ndani ya kila koo kuna kibati cha duara kinachofunguka ukivuta akseleta. Kebo moja inatoka mkononi, inafika kwenye kisanduku kidogo, kisha inagawanyika kuwa kebo mbili, kila moja na koo lake. Kibati kimoja kikitangulia mwenzake hata kwa unywele, silinda moja inabeba mzigo wa nyingine na pikipiki yote inatetemeka.

Yangu inatetemeka. Nikisimama kwenye foleni pale Kondele, Kisumu, kioo cha upande kinacheza hadi siwezi kusoma namba ya matatu iliyo nyuma yangu. Nikienda Maseno, injini ikifika mizunguko kama 3,000 kwa dakika, vikanyagio vinanipiga ganzi nyayo. Niliipeleka gereji moja, fundi akasikiliza, akazungusha skrubu mbili tatu, nikalipa. Mzunguko wa chini, yaani wa injini kuwaka bila kuvuta akseleta, ukapungua kidogo. Mtetemo ukabaki palepale.

Mimi nafundisha fizikia, kwa hivyo nikaamua kupima mwenyewe. Nimetengeneza kifaa kwa Arduino Uno (kibao kidogo cha kompyuta unachokiandikia programu mwenyewe), sensa mbili za presha aina ya MPX4115A, skrini ndogo ya mistari miwili na betri ya volti 9. Nimetumia mpira wa dripu kutoka duka la dawa, kipande kimoja kwa kila upande, nikavichomeka kwenye vile vichuchu vilivyo chini ya makoo baada ya kuvua vifuniko vyake vya mpira. Sensa inatoa volti kulingana na presha: volti za kutoka ukizigawa kwa volti za kuingia unapata 0.009 mara presha kwa kilopaskali, toa 0.095. Hesabu hiyo nimeihakiki mara tatu, haina tatizo.

Tatizo ni hili. Injini ikiwa imezimwa, kushoto kunasoma kilopaskali 88.6 na kulia 87.1. Nikiwasha, namba zinarukaruka kama panzi: kushoto 52, mara 68, mara 59. Nimekaa na daftari nikaandika usomaji mia moja kila upande, nikapata wastani wa 61 kushoto na 56 kulia. Programu yangu inasoma mara kumi mfululizo na kutoa wastani kabla ya kuonyesha, lakini bado haitulii.

Maswali yangu: je, tofauti hiyo ya 5 ni ya kweli? Na kama ni ya kweli, nianze na skrubu ipi? Nina zile skrubu kubwa za shaba za hewa ya mzunguko wa chini, nina za kebo, na kuna nyingine ndogo zenye rangi ya buluu juu yake. Sitaki kuzungusha kitu halafu nijute.

Msafiri wa Kericho, Jumapili saa 4 usiku:

Mwalimu, sensa zako zimeharibika. Presha ya hewa ni 101.3, kila mtu anajua. Kama zinasoma 88 na 87 injini ikiwa imezimwa, basi umeuziwa vitu feki. Rudisha.

Boda wa Ahero, Jumapili saa 4 usiku:

Samahani kwa kuingilia. Mimi niko na Boxer 150 na inatetemeka pia. Hicho kifaa kinaweza kunisaidia?

Mwalimu wa Kisian, Jumapili saa 5 usiku:

@Boda wa Ahero, hapana ndugu yangu. Pikipiki yako ina silinda moja na karabureta moja, hakuna mwenzake wa kulinganisha naye. Anza na boliti zinazoshika injini kwenye fremu, kisha cheni na sproketi, kisha fani za magurudumu. Mtetemo wa Boxer mara nyingi unatoka huko. Ukikosa, fungua uzi wako humu, nitaufuata.

@Msafiri, asante, lakini kuhusu 101.3 sikubaliani nawe. Hiyo ni presha ya usawa wa bahari.

Dada wa Saketi, Nakuru, Jumatatu saa 1 asubuhi:

Mwalimu, habari za asubuhi. Nimesoma uzi huu nikiwa kwenye matatu ya kwenda kazini na nimefurahi sana kuona mtu anapima badala ya kukisia. Nianze na la bahari. Msafiri, usimrudishe mwenzako dukani. Kisumu iko mita kama 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ina presha ya kilopaskali 88 hivi. Hapa Nakuru tuko mita kama 1,850, na sensa zangu za aina hiyohiyo zinasoma kati ya 81 na 82. Kule kwenu Kericho ni juu zaidi, zitasoma chini zaidi. Kwa hivyo 88.6 ya Mwalimu ni usomaji mzuri kabisa. Ndiyo maana pia mtu akinakili mtandaoni namba ya mvuto ya mtu aliye pwani ya Ulaya, haitamsaidia huku kwetu. Kinachotafutwa ni usawa wa silinda mbili zinazovuta hewa ileile, mahali palepale, dakika ileile.

Sasa namba kuruka. Injini yako ni ya mipigo minne, kila silinda inavuta hewa mara moja katika mizunguko miwili. Kwa mizunguko 1,100 kwa dakika, hiyo ni mivuto 550, yaani kama 9 kila sekunde. Kila mvuto presha inaporomoka, halafu inapanda tena kabla ya mvuto unaofuata. Ni wimbi, na sensa yako ina kasi ya kutosha kuliona wimbi lote. Arduino Uno inasoma pini moja kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Ukisoma mara kumi mfululizo umetumia sehemu moja tu ya elfu ya sekunde! Yaani unapata nukta moja ya wimbi, kila safari nukta tofauti. Soma kwa sekunde 2 nzima, ukipokezana kushoto na kulia, kushoto na kulia, ujumlishe yote halafu ugawe. Utakuwa umekusanya mivuto 18 hivi, na namba itatulia. Nakuhakikishia, kwa sababu nilipotea hapohapo ulipo kwa wiki mbili.

Jambo la tatu ndilo kubwa, na naomba ulifanye kabla hujagusa bisibisi. Sensa zako zinatofautiana kwa 1.5 injini ikiwa imezimwa, ilhali zote mbili zinapumua hewa ileile ya uani kwako. Mtengenezaji anairuhusu MPX4115A kukosea hadi asilimia 1.5 ya kipimo chake, na kipimo chake ni kilopaskali 100, kutoka 15 hadi 115. Kwa hiyo sensa mbili nzima, halali, mpya, zinaweza kupishana hivyo na zisiwe na ubovu wowote. Kati ya ile tofauti yako ya 5, sehemu ni ya pikipiki na sehemu ni ya kifaa. Usipozitenganisha utaipotosha injini ili ilingane na kosa la sensa.

Na usiridhike na kutoa 1.5 tu, kwa kuwa kosa linaweza kuwa 1.5 kwenye 88 na kuwa kiasi kingine kwenye 58 ambako utafanyia kazi. Tafuta tii ndogo ya plastiki, yaani kiungo cha mpira chenye umbo la herufi T, zile wanazouza kwa matangi ya samaki wa mapambo. Chukua koo moja tu, la kushoto, toa mpira mmoja hadi kwenye tii, na kutoka kwenye tii uzilishe sensa zote mbili. Koo la kulia lifunike. Washa injini. Hapo sensa zote zinasikia silinda moja, kwa hivyo tofauti yoyote utakayoona ni ya sensa. Iandike, uiweke kwenye programu, ndipo urudishe mipira pande zake.

Mipira yenyewe je? Ina urefu sawa? Mpira wa dripu ni mwembamba na unalainika ukipata joto. Ukigusa bomba la moshi utajikunja na kuziba. Na kifaa kikae juu kuliko makoo, ili mvuke wa petroli ukigeuka kuwa matone yasishuke hadi kwenye sensa. Sensa hizi zimeundwa kwa hewa kavu.

Mwalimu wa Kisian, Jumatatu saa 2 usiku:

Dada, sina maneno. Nimebadilisha programu ikasoma sekunde 2 na namba zimetulia. Zinacheza ndani ya 0.3 tu. Mpira wa kulia ulikuwa mrefu kuliko wa kushoto kwa shibiri nzima na sikuwa nimeona kuwa ni tatizo. Nimeikata yote sawa.

Tii nimeipata Oginga Odinga Street kwa muuza samaki wa mapambo, kama ulivyosema. Sensa zote mbili kwenye koo la kushoto: ya kulia inasoma chini kwa 1.3. Kwa hiyo ile tofauti yangu ya 5 kumbe ni 3.7. Kama ningezungusha skrubu Jumapili usiku ningekuwa nimekosea kwa zaidi ya robo.

Sasa 3.7 ni ya injini. Upande wa kulia una presha ya chini, yaani unavuta kwa nguvu dhidi ya kibati kilichofungika zaidi, au kushoto ndiko kuna hewa nyingi kupita kiasi. Ni ipi? Nianzie wapi?

Fundi Mulembe, Kakamega, Jumanne saa 12 asubuhi:

Mulembe, Mwalimu. Nimefanya kazi ya pikipiki kubwa na ndogo tangu ujana wangu, na nyingi ya hizo nimezisawazisha kwa sikio na kipande cha mpira. Sikidharau kifaa chako. Sikio langu huniambia silinda hizi hazilingani, lakini halijawahi kuniambia ni kwa kiasi gani, wala kama nilichofanya saa nne ni bora kuliko nilichofanya saa tatu. Hilo namba zako zinaweza. Lakini kijana wangu, kifaa chako kinajua presha tu. Hakijui kwa nini.

Zile ndogo zenye rangi ya buluu usiziguse. Nakuomba tena, usiziguse. Hizo ndizo kituo cha mwisho cha kile kibati kikifunga, ziliwekwa kiwandani kwa vyombo ambavyo mimi na wewe hatuna. Chukua tochi utazame kama rangi imepasuka. Ikiwa nzima pande zote mbili, mshukuru Mungu na uendelee.

Anza na valvu. Asubuhi, injini baridi kabisa, iliyolala usiku kucha. Isimamishe kwa stendi ya kati, toa plagi, weka gia ya sita na uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono hadi pistoni ifike juu kabisa mwisho wa kubana. Kila upande una valvu nne. Za kuingiza hewa, nafasi kati ya valvu na roka, kile kimkono kinachoisukuma, ni milimita 0.15, za kutoa moshi 0.30. Tumia fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) mbili za unene mmoja kwa pamoja, moja chini ya kila valvu ya jozi, vinginevyo roka inaegemea upande mmoja na utadanganyika. Silinda ambayo valvu zake zimekaza, yaani nafasi hiyo imepungua, haiwezi kuvuta kama mwenzake hata ukizungusha skrubu mwaka mzima.

Ukimaliza valvu, nenda kwenye kebo. Akseleta ikiwa imeachiliwa, shika ala ya kebo, lile ganda lake la nje, pale inapoingia kwenye kila koo uivute. Lazima icheze kidogo, milimita moja au mbili. Isipocheza, kebo inakishikilia kibati kisifunge, na hapo unasawazisha mzunguko wa chini wa injini ambayo haijafunga mlango. Hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko lolote. Mtu amefika ameshazungusha skrubu za shaba hadi mwisho, na kosa liko kwenye kebo.

Halafu tazama raba kati ya koo na kichwa cha silinda. Nyunyizia maji kidogo pale injini ikiwaka. Mngurumo ukibadilika, raba imepasuka na inavuta hewa ya wizi. Maji, si ile dawa ya kusafishia karabureta. Ile dawa ikidondokea bomba la moto inashika, na nimeona mtu akiungua mikono.

Na hiyo injini inapozwa na hewa na oili. Ikisimama inawaka bila upepo inachemka haraka. Weka feni mbele ya kila silinda, na usiiache zaidi ya dakika chache. Fanyia nje, si ndani ya chumba. Moshi wake unaua.

Msafiri wa Kericho, Jumanne saa 3 asubuhi:

Naomba radhi Mwalimu kwa ile ya feki. Nimejifunza kitu leo. Nina Suzuki V-Strom 650 na sasa nataka kujua mwisho wa jambo hili.

Mwalimu wa Kisian, Jumapili iliyofuata saa 11 jioni:

Nimemaliza. Nitaeleza jinsi ilivyokwenda, pamoja na mahali nilipochanganyikiwa, kwa sababu nadhani ndipo wengine watachanganyikiwa pia.

Rangi ya buluu ni nzima pande zote. Raba ni nzima.

Jumamosi saa 12 asubuhi nilifungua valvu. Kushoto zote ziko sawa. Kulia, valvu moja ya kutoa moshi ilikuwa 0.20 badala ya 0.30, na jirani yake 0.25. Nikazirekebisha, nikafunga, nikaendesha hadi Maseno na kurudi ili injini ipate moto kamili. Nikaunganisha kifaa nikitarajia tofauti imepungua. Ilikuwa imeongezeka! Kutoka 3.7 hadi 4.3.

Nilikaa juu ya ndoo kwa nusu saa nikiamini nimeharibu. Mzee Mulembe, ndipo nikakupigia ile simu. Kwa faida ya wengine, hivi ndivyo Mzee alivyonieleza: valvu ya moshi ikikaza inafunga kwa kuchelewa, kwa hiyo moshi kidogo unarudi ndani wakati silinda inaanza kuvuta, na mvuto wa upande huo unapungua. Upande wangu wa kulia ulikuwa na mvuto mkubwa kupita mwenzake, na ile valvu mbovu ilikuwa inaupunguza. Ubovu mmoja ulikuwa unaficha sehemu ya mwingine. Nilipouondoa wa kwanza, wa pili ukaonekana kwa ukubwa wake halisi.

Na wa pili ulikuwa kebo, hasa. Ya kulia ilicheza vizuri. Ya kushoto haikucheza hata kidogo, ilikuwa imekaza kama uzi wa gitaa. Kibati cha kushoto hakikuwa kinafunga. Ndiyo sababu kushoto kulikuwa na hewa nyingi. Niliilegeza hadi ikacheza milimita mbili, na papo hapo injini ikataka kuzima.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichofanyika gereji. Fundi yule alisikia mzunguko uko juu, akaufunga kwa skrubu ya shaba ya kushoto. Nilipoihesabu ilikuwa imefunguliwa robo mzunguko tu, ya kulia mzunguko mmoja na nusu. Sina chuki naye. Alitibu alichokisikia. Lakini kwa miezi yote hiyo silinda ya kushoto ilikuwa inapata hewa kupitia kibati kilichoshikiliwa wazi, na sensa inayoiambia kompyuta akseleta imevutwa kiasi gani iko kwenye koo hilohilo la kushoto. Kwa hiyo hata kompyuta ilikuwa inaambiwa mkono umevuta kidogo wakati mkono umetulia. Nadhani ndiyo maana petroli yangu ilikuwa inakwisha haraka kati ya Kisumu na Busia, ingawa hilo nitalipima kwa safari kadhaa kabla ya kulisema kwa uhakika.

Nilitoa skrubu zote mbili za shaba. Ya kushoto ilikuwa na masizi meusi mwishoni, magumu, yakinishika kidole. Nikasafisha, pamoja na vijitundu vyake, nikazirudisha zote kwenye mzunguko mmoja na nusu. Injini ikashika 1,050 na tofauti ikawa 0.8, safari hii kushoto ndiko kukiwa chini. Nikafungua kushoto kidogo kidogo, nikisubiri kila mara sekunde chache hadi skrini ijisome upya. Dada, hili la kusubiri ni gumu kuliko linavyosikika. Mkono unataka kuzungusha kabla namba haijafika. Nilitua kwenye 1,100 na tofauti ya 0.2, nikaacha.

Stima ilikatika katikati ya kazi na feni zikasimama. Nilizima injini mara moja, nikaivaa helmeti na kuizungusha pikipiki hadi Otonglo ipate upepo, nikarudi stima ikiwa imerejea.

Kisha juu ya mzunguko wa chini. Kijana wangu wa darasa la nane alishika akseleta kwenye 2,500, nikasoma. Tofauti 2.1, kulia kukichelewa. Hapa skrubu za shaba hazisaidii, ni kazi ya kebo. Nikazungusha kirekebishi cha kebo ya kulia kidogo sana, chini ya robo mzunguko, ikashuka hadi 0.3. Nikakaza nati ya kufungia, ikaruka hadi 1.2. Nati inapokazwa inakivuta kirekebishi pamoja nayo. Nilirudia mara tatu kabla ya kujifunza kukishika kirekebishi kwa spana ya pili na kukiacha nyuma kidogo ya ninapotaka, ili nati ikikaza ikifikishe. Mwisho imekaa 0.4, na kebo zote mbili bado zinacheza akseleta ikiachiliwa.

Nikageuza usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia, injini ikiwaka. Mzunguko haukubadilika. Ningesikia ukipanda ningejua kebo imekaza mahali. Nikavirudisha vile vifuniko vya mpira chini ya makoo, nikahakikisha kila kimoja kimekaa, kwa sababu kikisahaulika kile kichuchu kinavuta hewa ya wizi na kazi yote inaharibika.

Leo mchana nimetoka kanisani nikapita Kondele makusudi. Nilisimama kwenye foleni na kusoma namba ya matatu kwenye kioo, herufi kwa herufi. Kwenye 3,000 bado kuna mtetemo, hii ni injini ya silinda mbili kubwa, lakini nyayo zangu zimefika Maseno zikiwa na uhai.

Mzee, Dada, asanteni kutoka moyoni.

Fundi Mulembe, Kakamega, Jumapili saa 1 usiku:

Vema, Mwalimu. Pima valvu hizo za kulia tena baada ya kilomita elfu moja. Valvu ya moshi iliyokaza hadi 0.20 nataka kujua kama itabaki mahali ulipoiweka. Ikikaza tena haraka, kiti chake kinaliwa, na hiyo ni kazi ya kufungua kichwa. Niambie kabla haijaungua.

Dada wa Saketi, Nakuru, Jumapili saa 2 usiku:

Mwalimu, nimefurahi hadi nimemsomea mama yangu. Ombi moja: lile jaribio la tii lirudie kila unapotaka kutumia kifaa, hasa ukikipeleka mahali pengine. Kosa la sensa hubadilika kidogo na joto. Uani kwako saa nane mchana si sawa na hapa kwetu saa moja asubuhi.

Msafiri wa Kericho, Jumapili saa 2 usiku:

Mwalimu, V-Strom yangu makoo yake yamejificha ndani ya V ya silinda zake mbili, chini ya tangi na sanduku la hewa. Sina tii, sina sensa, sina programu. Nikikuletea pikipiki Kisumu Jumamosi ijayo utanipimia?

Mwalimu wa Kisian, Jumapili saa 3 usiku:

Karibu, Msafiri. Pima valvu zako kwanza ukiwa huko nyumbani, injini baridi, kwa sababu ukifika hapa itakuwa ya moto na tutapoteza siku. Za V-Strom 650 ni kati ya 0.10 na 0.20 kwa kuingiza, na 0.20 hadi 0.30 kwa moshi. Kwako kufikia valvu ni kazi ndefu, na zikiwa nje ya kipimo unabadilisha shimu, vile vibati vidogo vya chuma vya unene tofauti, si kukaza skrubu kama kwangu, kwa hivyo kama hujawahi mtafute anayejua. Andika namba zote nane kwenye karatasi uje nayo. Na ubebe feni, ninazo mbili tu na moja inazunguka polepole.

Msafiri wa Kericho, Jumapili saa 3 usiku:

Nitakuja na feni.